Mara ya kwanza kwenye barafu: maswali tunayoulizwa kila tukirudi Mombasa

Kila tukirudi kutoka Nairobi kuteleza kwenye barafu kwa viatu vya chuma, magoti yamevilia damu na mmoja wetu anakaa kitini upande upande, majirani huja barazani kuuliza. Kwanza wanacheka, na ni haki yao. Kisha sauti inashuka: ni shilingi ngapi? Mtoto wa miaka sita ataweza? Na buibui je? Tumekwenda mara mbili, ndugu na marafiki pamoja, watu tisa safari ya kwanza na kumi na wanne ya pili, na maswali hayabadiliki. Nimeyaandika hapa yote ili nisiwe nayajibu huku chapati inaungua.

Mombasa kwenyewe hakuna?

Uwanja wa barafu wa kudumu Mombasa hakuna. Tulicho nacho ni magurudumu. Jioni ukipita Lighthouse, pale wauza mihogo na madafu wanapopanga viti, utawaona vijana wakipita na viatu vya magurudumu. Hao wana hatua moja mbele yetu, ingawa si mbili kama wanavyodhani, nitalirudia hilo.

Barafu iko Nairobi, ndani ya hoteli ya Panari kwenye barabara ya Mombasa, na ilifunguliwa mwaka 2005. Ni uwanja mdogo ukiulinganisha na viwanja vya mashindano ya kimataifa, ambavyo urefu wake ni mita 60. Kwa anayeanza, udogo huo ni neema, maana popote ulipo ukingo wa kushika hauko mbali.

Piga simu kabla ya kukata tiketi ya treni. Mashine za barafu huhitaji ukarabati na kumbi hukodishwa, na hutaki kufika na watoto saba wenye glavu mikononi ukakuta mlango umefungwa.

Wanaokwenda Deira kufunga mzigo wanajua kwamba Dubai Mall kuna uwanja mkubwa wa kipimo cha Olimpiki. Kama safari ipo tayari, tenga saa mbili kati ya duka na duka.

Barafu inakaaje bila kuyeyuka, na sisi tuko karibu na Ikweta?

Ni friji iliyolazwa chini. Chini ya barafu kuna sakafu ya saruji, na ndani ya sakafu mna mabomba mengi yanayopitisha maji ya chumvi au kioevu kingine kisichoganda upesi, kilichopozwa na mashine hadi chini ya sifuri. Sisi wa Pwani tunapaswa kulielewa hili kabla ya wengine: chumvi ndiyo inayozuia maji yasigande ndani ya bomba, huku yakiigandisha sakafu iliyo juu yake. Kisha hunyunyizwa maji kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, mpaka barafu ifike unene wa sentimita tatu au nne hivi. Joto lake huwekwa karibu na nyuzi 5 chini ya sifuri.

Jambo lenyewe si geni. Mwingereza John Gamgee alifungua uwanja wa namna hii London mwaka 1876, kabla reli ya zamani haijaanza kujengwa hapa Kilindini. Na ile mashine inayopita kusawazisha barafu kwenye viwanja vikubwa ilibuniwa na Frank Zamboni wa California mwaka 1949. Hukwangua juu, ikaosha, kisha ikamwaga maji ya moto. Ya moto, ndiyo. Maji hayo huyeyusha mikwaruzo kidogo, na yakiganda yanashikana vizuri na barafu ya chini.

Kwa nini barafu inateleza lakini kioo hakitelezi hivyo?

Juu ya barafu kuna utando mwembamba mno ambao si maji kamili na si barafu kamili. Mwanasayansi Michael Faraday alilisema hilo karibu na mwaka 1850, na wanasayansi wamekuwa wakilichimba tangu hapo. Shuleni tuliambiwa kwamba uzito wa mtu ndio unaoyeyusha barafu chini ya chuma. Uzito unachangia, lakini peke yake hautoshi.

Barafu ikizidi ubaridi, utelezi unapungua. Anayebisha akumbuke utotoni aliponunua barafu ya ukwaju iliyotoka friza dakika hiyo, ikamnasa mdomo.

Kuteleza si kuanguka, au sivyo?

Aliyetunga methali hiyo hakuvaa chuma miguuni. Kwenye barafu kuteleza ndiyo kazi yenyewe, na kuanguka ni mshahara wa siku ya kwanza.

Hapa ndipo ningependa usome taratibu, kwa sababu hapa ndipo siku huharibika au hutengenezeka. Nimewatazama watu wazima wa kwetu wakiingia barafuni, na wanachoogopa si baridi wala kuvunjika mfupa. Wanaogopa kuonekana. Mtu mzima, baba wa watu, kalala chali mbele ya watoto wa wenzake! Kwa hiyo anaushika ukingo kwa mikono miwili, kama abiria wa mashua msimu wa kusi, na anamaliza saa nzima hapo hapo. Amelipa pesa nzuri ili asimame.

Safari ya pili tulianza kwa kuanguka. Kwa makusudi, sote, kabla mtu hajapiga hatua tatu. Unakunja magoti mpaka uwe karibu kuchuchumaa. Unaegemea upande mmoja. Unajiachia ukae kwenye nyama ya nyonga na paja, wala si kwenye mfupa wa mkiani. Kidevu kinakwenda kifuani ili kisogo kisipige chini. Mikono iko mbele, umefumba ngumi. Usinyooshe kiganja nyuma kujizuia: ndivyo watu wanavyovunjika kifundo cha mkono, na hilo ni miongoni mwa majeraha ya kawaida kabisa kwenye barafu. Ukishafika chini, rudisha mikono mapajani upesi, maana wenzako wanapita na vyuma na vidole vyako vimelala njiani.

Shemeji yangu ni fundi seremala, mtu wa maneno machache, na safari ya kwanza hakuuacha ukingo hata mara moja. Safari ya pili alipofika zamu yake alichuchumaa, akajilaza ubavu, akakaa pale chini kidogo akitazama dari. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo hii tu?" Akainuka akaenda zake katikati ya uwanja. Hatukumwona ukingoni tena mpaka kengele ilipolia.

Na kuinuka je? Nilimwona mtu kahangaika dakika tano.

Anahangaika kwa sababu anajaribu kuinuka kama anayetoka kwenye kochi. Piga magoti kwanza, mikono miwili ikiwa juu ya barafu. Leta mguu mmoja mbele, chuma chote kikae bapa kati ya mikono. Weka mikono yote miwili juu ya goti hilo, lisukume, na uinuke ukiwa umeinama bado. Ukijinyoosha mapema unarudi chini.

Usimvute aliyeanguka kwa mkono. Mtakuwa wawili.

Mimi ni stadi wa magurudumu. Nina haja ya kusoma haya?

Mpwa wangu aliuliza hivyo hivyo. Ana miaka kumi na saba na pale Lighthouse huwa anapita kinyumenyume kati ya meza za watu bila kumwaga soda ya mtu. Aliingia barafuni kabla yetu, akazunguka mara moja kama mfalme, sote tukapiga makofi. Alipotaka kusimama akafanya kile mguu wake unachojua: akainua vidole ili akandamize breki ya kisigino. Kiatu cha barafu hakina breki ya kisigino. Sauti ya makalio yake ilisikika mpaka kwa waliokaa na chai.

Mizani unayo tayari, hilo ni kweli, na kujisukuma kwa ubavu unakujua. Vitu viwili ndivyo vigeni. Kwanza, barafu haikukwamishi kama saruji, kwa hiyo ukijisukuma mara moja unakwenda mbali kuliko ulivyokusudia. Pili, gurudumu halikubali kuburutwa kwa ubavu lakini chuma kinakubali, na kuburuta huko ndiyo breki yenyewe. Tenga robo saa ya kujifunza kusimama tu, kisha jivune.

Tuvae nini?

Suruali isiyobana wala kupepea, fulana, sweta au jaketi jepesi, na glavu. Glavu si za baridi tu: zinakinga viganja visichunike na vidole visikatwe. Za sufu zinatosha. Nenda Kongowea, kwenye mitumba. Nguo nzito watu wa kwetu hawazigombanii, na ukichagua kwa subira utaivisha familia nzima. Angalia zipu kabla hujalipa.

Baridi ya ukumbini si ya kutisha. Ni kama kusimama mbele ya friji lililo wazi, na ukishaanza kuhangaika utavua sweta mwenyewe. Kilichotushangaza sisi ni nje, Nairobi yenyewe mwezi wa saba. Mamangu hasafiri bila chupa yake ya mafuta ya nazi, na asubuhi ile alipoigeuza hayakutoka: yameganda meupe, magumu kama samli. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na mama hakuwahi kuliona jambo hilo kwa macho yake, kwa kuwa chumba chake cha Mombasa ni cha joto. Aliikumbatia chupa kwapani tangu chai ya asubuhi. Chukueni ya kupaka ya kopo.

Na buibui? Na hijabu?

Hijabu haina shida, ila ifungwe iwe karibu na shingo, ncha ziingie ndani ya sweta. Pini zipunguze, ukianguka hutaki pini shingoni. Buibui refu au dera livuliwe au lipandishwe juu ya goti na kufungwa, na ndani uwe na suruali, kwa sababu chuma kikilikanyaga pindo unakwenda chini kwa uso. Dadangu alivaa buibui fupi la kufika gotini juu ya suruali na alikuwa sawa kabisa.

Wasichana wa kwetu wakisita, waambie habari za Zahra Lari, mtelezaji wa barafuni wa Falme za Kiarabu. Mwaka 2012 alishindana Italia akiwa na hijabu, waamuzi wakamkata alama kwa ajili ya kilemba hicho. Yeye na wenziwe wakaliendea shirikisho la kimataifa kulieleza, na kanuni ikalegezwa.

Viatu nitajuaje vinanifaa?

Viatu ni nusu ya siku yako, kwa hiyo usiharakishwe na foleni. Omba nambari yako ya kawaida, kisha jaribu na iliyo chini yake. Kiatu cha barafu hubana kuliko raba: kisigino kisiinuke hata kidogo unapokunja goti, vidole viweze kutikisika lakini visitembee. Soksi iwe moja, ndefu, nyembamba. Sisi safari ya kwanza tulivaa mbili mbili kwa kuogopa baridi, damu ikabanwa, na miguu ikawa baridi zaidi.

Kamba usizivute kwa nguvu moja tangu chini hadi juu. Vidoleni ziache zilegee. Katikati, pale mguu unapopinda kupanda juu, vuta kwa nguvu zako zote, na uzishike kwa kidole zisirudi. Juu kabisa legeza kidogo ili goti lipate kwenda mbele. Masikio ya fundo yachomeke ndani. Ukisimama na vifundo vikaangukia ndani kama vya mwana-mbuzi aliyezaliwa leo, keti ufunge upya. Usijilaumu kwamba huna mizani, kiatu ndicho kilicholegea.

Kigeuze pia uangalie chini. Chuma hakina makali mamoja kama kisu. Katikati kina mfereji mdogo, kwa hiyo kina makali mawili, ya ndani na ya nje, na hayo ndiyo yanayoshika barafu unapojisukuma. Pitisha ukucha taratibu kwa kukingama juu ya ukali: ukikwanguka ukatoa unga mweupe, kina makali. Ukipita laini, omba kingine kwa adabu. Viatu vya kuchezea kwa madaha, kama dansi, vina meno mbele, vya mchezo wa magongo (hoki ya barafuni) havina. Anayeanza avae vyovyote, ila mwenye meno asiyatumie kujisukumia, atajikwaa.

Nikiingia, nianze vipi?

Unakumbuka siku ya kusugua ua? Omo imemwagwa kwenye saruji, maji ya ndoo, na mama anakutuma jikoni ukiwa pekupeku. Ulitembeaje? Magoti umeyakunja, mikono iko mbele, hatua fupi, na hukuegemea nyuma hata kidogo, kwa sababu ulijua. Basi ni mwili huo huo. Sijapata mwalimu aliyelieleza vizuri zaidi ya ndoo ya Omo.

Simama visigino vimekaribiana na vidole vimetazama nje, kama bata. Hamisha uzito mguu mmoja, kisha mwingine, papo hapo bila kwenda. Halafu hatua ndogo ndogo. Baada ya hatua tano au sita acha miguu yote miwili chini, iache ikupeleke. Itakupeleka. Huo mtelezo wa kwanza, hata uwe wa mita moja, ndio watu wanaupandia treni.

Kujisukuma si kwa nyuma kama kutembea, ni kwa ubavu. Ukishazoea, jaribu kuchora maembe: visigino pamoja, vidole nje, iache miguu itanuke, kisha geuza vidole ndani uivute ikutane tena. Macho yatazame mbele, unakokwenda. Ukitazama miguu utaifuata chini.

Nasimamaje?

Vidole ndani, visigino nje, magoti yamekunjwa, unasukuma chuma kwa nje kana kwamba unapangusa unga mezani. Utaona theluji kidogo inajikusanya kando ya kiatu. Jaribu ukiwa mwendo wa kinyonga, mguu mmoja kwanza. Kujigonga ukingoni nako ni kusimama, lakini ukingo haukusamehi mbavu.

Kuna sheria za barabarani humo ndani?

Zipo. Wote huzunguka upande mmoja, na viwanja vingi huzunguka kinyume cha mshale wa saa, yaani kinyume na tunavyozunguka mizunguko yetu ya magari. Wanaokwenda polepole hukaa karibu na ukingo, wenye mbio hupita ndani. Hakuna kushikana mikono watu sita kama mnyororo. Mmoja akianguka huanguka ukoo mzima. Simu iache kwa waliokaa nje. Mambo mengine mtaelekezwa.

Mtoto aanze na umri gani?

Miaka mitatu au minne, ikiwa kuna kiatu cha kumtosha, na hilo uliulize kwa simu. Watoto huanguka kutoka karibu, hawana aibu, na baada ya nusu saa watakucheka. Mvalishe kofia ngumu, hata ya baiskeli, ambayo haikuwa kwenye orodha yetu safari ya kwanza na sasa ndiyo ya juu. Viwanja vingi duniani vina vishikizo vya plastiki, vingine vina umbo la pengwini, ambavyo mtoto husukuma mbele yake. Vizuri kwa dakika kumi. Vikizidi hapo, mtoto anajifunza kusukuma pengwini.

Na wewe mzazi usimshike kwapani ukimwinamia. Unamkosesha mizani na unauumiza mgongo wako. Simama mbele yake, uende kinyumenyume kama unaweza. Kama huwezi, mtafutie binamu anayeweza.

Mjamzito?

Hapana. Atakula viazi karai, atapiga picha.

Mwenye kisukari au mifupa dhaifu?

Amwone daktari wake kwanza. Mwenye kisukari aliyekwisha kupoteza hisia miguuni asivae kiatu cha kubana bila kuuliza, kwa kuwa lengelenge litachimba bila yeye kujua, na jioni aikague miguu yake vizuri.

Wazee wafanye nini?

Mamangu alipoulizwa kama ataingia alijibu, "Mimi si samaki, niwekwe barafuni?" Tukamkalisha na shuka la kimasai miguuni, chupa ya chai ya tangawizi na simu zetu zote, akawa ndiye mpiga picha. Picha zake nyingi ni za dari, lakini sauti yake kwenye video ni hazina. Unaisikia wazi: "Kunja magoti! Si wamewaambia mkunje magoti?"

Tusafiri vipi kutoka Mombasa?

Treni, bila mjadala, kama mna watoto. Inatoka Miritini na kufika Syokimau, kilomita 472 kwa saa tano hivi, na Syokimau iko upande huo huo wa barabara ya Mombasa, kwa hiyo huhitaji kuingia katikati ya jiji: mnakodi gari kutoka stesheni hadi Panari. Kata tiketi mapema kwa *639#, hasa likizo za shule. Mwanzoni mwa 2024 nauli ya daraja la kawaida ya safari nzima ilipandishwa hadi shilingi 1,500. Itazame tena siku unayokata.

Fikeni Miritini saa nzima kabla. Mizigo hupangwa mstari chini, mbwa hupita kunusa, na nyanya aliyebeba samaki wa kupaka kwa wajukuu wake wa Nairobi hapo roho humdunda bure.

Basi la usiku ni rahisi na linakushusha barabarani, lakini mtu ambaye hakulala hana magoti. Lala Nairobi usiku mmoja, teleza asubuhi, rudi na treni ya mchana.

Jumla inafika kiasi gani?

Hesabu nauli, gari la stesheni, malazi na chakula kwanza, maana hivyo vinazidi kiingilio. Kwa simu uliza mambo matatu: bei ni ya muda gani, viatu vimo ndani ya bei au vinakodishwa mbali, na kama kundi kubwa linapunguziwa. Sisi tulifanya mchango wa kila mwezi kama chama, miezi mitano.

Saa moja inatosha. Dakika ya arobaini nyayo zinaanza kuuma, na wengi huanguka vibaya wakiwa wamechoka. "Mara ya mwisho tu" ndiyo iliyomvimbisha dadangu kiwiko.

Twende kwenye mfungo?

Ngojeni Idi ipite. Jasho ni jingi kuliko unavyodhani, na barafu si mahali pa kushikwa na kizunguzungu.

Kuna Mkenya aliyefika mbali na mambo haya, au ni mchezo wa wazungu?

Wapo, na mmoja ni wa huku kwetu. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, akakulia Austria, na mwaka 2018 akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Pyeongchang, mbio za kushuka mlima kwa ski. Kabla yake alikuwa Philip Boit, mwaka 1998 Nagano. Boit alimaliza wa mwisho katika kilomita kumi, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri mstarini ili amkumbatie. Hizo ni ski za theluji, si viatu vya barafu, lakini baridi ni ile ile.

Kwenye barafu yenyewe kuna Ice Lions, timu ya magongo ya Kenya iliyojifunzia hapo hapo Panari. Miaka mingi hawakuwa na timu ya kucheza nayo, mpaka mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Canada, Tim Hortons, ikawapeleka huko, na ndani ya chumba cha kuvalia wakawakuta Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa magongo wa Canada, wamevaa jezi yao, wako tayari kucheza nao. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Wengi wao walianza na magurudumu mitaani, kama hawa wetu wa Lighthouse.

Tutaumwa kesho yake?

Mapaja, nyonga, na misuli midogo ya kifundo ambayo hukujua unayo. Palipovimba weka barafu, ndiyo, iliyozungushiwa kitambaa, robo saa. Kifundo cha mkono kikiuma mpaka huwezi kushika kikombe, usikikande na mafuta, kikapigwe picha.

Mtakwenda tena?

Desemba, shule zikifungwa. Watu kumi na sita wameshatoa mchango wa kwanza. Mamangu ametoa wake, nikadhani ni wa nauli na chai kama kawaida. Jana alikuja jikoni, akasimama mlangoni na kandambili yake mkononi, akaigeuza akaisoma chini, akaniuliza hii 38 ya hapa, kule Nairobi wanaihesabu ngapi.